Magodoro Mia na Kumi

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepata chuo! Shahada ya rasilimali watu, miaka mitatu. Ujumbe uliingia nikiwa mezani kwangu mapokezi, napokea bahasha za waomba kazi. Sikusikia tena hata mashine za kukata sponji. Nilijiona kwenye ofisi yangu — mlango, pazia la kijani, kiti cha kuzunguka. Mtu anabisha. Namwambia karibu. Kumbe dereva wa mizigo amesimama mbele yangu muda mrefu, anauliza kama nimelala.

Kulala si kosa hapa. Ni kiwanda cha magodoro.

Jioni nyumbani, Mama alivua aproni ya shule ya bweni anakopika, akakaa. Akasema sasa jirani ataacha kumuuliza nafanya nini pale kiwandani. Ada hatuna. Ni mkopo, na mdhamini ni yeye. Mkataba urudishwe Ijumaa ya wiki ijayo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimempa Madamu barua ya kuacha kazi. Yeye ndiye afisa utumishi, bosi wangu. Hakuisaini. Aliiweka chini ya kikombe chake, akauliza kama nimepiga hesabu. Nikasema elimu haiozi. Akacheka kwa pua. Ana shahada hiyohiyo, yuko kazini miaka kumi na moja, na mkopo bado unakatwa kwenye mshahara wake.

Kisha akaniagiza nichape tangazo la nafasi yangu mwenyewe, libandikwe getini. Nimechapa huku nawaza rangi ya zulia.

Alhamisi, 7 Agosti

Fedha hazinikai kichwani. Magodoro yanakaa. Basi: mshahara wangu ni magodoro manne ya inchi nane kwa mwezi. Afisa anayeanza, Madamu anasema, anapata saba. Mkopo unakula moja na nusu. Bado nitauzidi mshahara wa sasa! Ila hapo ni pale utakapoipata hiyo kazi — hili alilisema akitazama dirishani. Na kabla yake, miaka mitatu bila hata foronya.

Deni lote ni magodoro mia na kumi. Nikaenda stoo kuona mia na kumi yanafananaje. Yanagusa dari. Mlinzi wa stoo ananijua, akaniacha nipande. Kule juu kuna joto zuri, na mashine unazisikia kwa mbali, kama za kiwanda cha watu wengine. Nililala macho wazi. Deni lenyewe laini hivi, mtu anaogopa nini?

Kushuka ndiko kulikonishinda. Mlinzi alileta ngazi.

Jumapili, 10 Agosti

Nilimwambia Mama naogopa. Kukopa harusi, kulipa matanga. Akajibu mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamwambia sisi tunauza vya juu ya kitanda. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Baadaye, akichambua mchele, akasema na yeye anaogopa. Nisipolipa, watakata mshahara wake. Lakini nikibaki kwa ajili yake, nitamuudhi. Nampenda mama yangu. Laiti angekuwa ananisukuma au ananizuia — kimoja tu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilitegemea vijana wawili watatu waliotoka sekondari juzi. Nimekuta benchi la waomba kazi limejaa mashati ya pasi na mafaili. Wote wana shahada. Ya rasilimali watu!

Nikakimbia getini kusoma tangazo. Kazi ya mikono yangu. Nilichapa juu ya tangazo la zamani la afisa, mstari mmoja nikasahau kuufuta: awe na shahada ya rasilimali watu. Mshahara niliuandika sawasawa — wangu. Magodoro manne.

Nikamfuata dada mmoja mwenye viatu vya kahawia. Nikamweleza taratibu kwamba kuna kosa, mshahara ule ni wa mapokezi tu.

"Nimeuona, mdogo wangu," akasema. "Nimekuja hivyo hivyo."

Miaka miwili anatafuta. Akaniuliza mimi nilisoma chuo gani. Nikajifanya simu inaita.

Alhamisi, 14 Agosti

Nilijua Madamu atanifokea. Wala. Anasema kosa langu limempendeza meneja: kwa bei ileile wanapata mwenye shahada. Kuanzia sasa kiti cha mapokezi kitaandikwa hivyo.

Nikauliza, na mimi nikibaki? Akainua kikombe, barua ipo, ina duara la chai. Ukibaki naichana, akasema. Lakini utakuwa wa mwisho kukaa pale bila shahada, na sijui watakuvumilia mpaka lini.

Kwa hiyo nikienda, nitakopa stoo nzima nirudi kuomba kiti hiki hiki. Nisipoenda, kiti chenyewe kimeshanizidi. Na nimekizidisha mwenyewe, kwa kuwaza zulia. Leo pazia la kijani limegoma kuja.

Ijumaa, 15 Agosti

Saa ya chakula. Watu wamelala kwenye magodoro yenye kasoro, kiwanda kimya. Naandika kwa penseli, kwenye benchi la waomba kazi, maana Viatu vya Kahawia ameitwa kuonyeshwa kazi na amekaa kwenye kiti changu. Anakaa vizuri. Simu anapokea vizuri kunishinda.

Mama yuko getini na aproni yake. Ametoroka jikoni kuniletea mkataba, anangoja aurudishe leo. Sehemu yake ameshasaini, herufi kubwa, amekandamiza mpaka karatasi imetoboka kidogo. Yangu iko wazi. Madamu ameacha mlango wake nusu wazi, anasubiri jibu langu.

Kusaini kwa penseli hakukubaliki. Kalamu iko mapokezi tu, imefungwa kamba kwenye meza. Niliifunga mwenyewe, waomba kazi walikuwa wanaondoka nazo.

Nimemwomba Viatu vya Kahawia. Ameinyoosha, mkono wote. Kamba haifiki kwenye benchi.

"Njoo usainie hapa," ananiambia. Ameona karatasi ni ya nini. Tabasamu limemfifia. "Au nikupishe?"