Taa Ulizotuma, Kaka

Kwako Kaka,

Sisi wazima, ingawa hujauliza. Jambo hili sijamwambia mtu: zile taa za zambarau ulizotuma za kukuzia nyanya, mimi huzizima kila usiku baba akishalala. Ulipoagiza ziwake mpaka asubuhi, majani ya nyanya yaligeuka manjano. Nyanya nazo zinahitaji giza, Kaka. Sasa zimepona, na baba anawatambia majirani, “Mwanangu wa ng'ambo ana kichwa! Huyu bubu kazi yake kula tu.”

Nawe umempigia simu anifukuze kwenye kitalu nyumba, eti nitakuharibia. Nikitoka mimi, nyanya zitakufa. Ukulima wako wa simu baki nao huko huko.

Nasikia ndala za baba mlangoni. Leo siifichi karatasi. Ataisoma kabla yako.

Mimi, yule bubu