Neno Zima

Kangemi, 4 Mei 1975

Mama mpendwa,

Habari za Kimilili? Goti limepata nafuu? Mimi ni mzima, ila nimechoka na watu.

Jumamosi sitafika kwenye posa. Niombee radhi kwa wazazi wa Nashon. Ofisini tuna maandishi ya pamoja ambayo kila programu ya kompyuta huyanakili, na neno likihitaji kubadilishwa kwa programu moja tu, hubadilishwa wakati wa kunakili. Mkubwa wangu, Bwana Rasiklal, anataka katika programu ya mikopo kibadilike kipande tu: JINA-MTEJA liwe JINA-MKOPAJI, na mengine yote yenye MTEJA vivyo hivyo. Nimemwambia kompyuta huliona hilo kama neno moja. Ukitaja MTEJA peke yake, inalipita. Tuyataje majina yote mazima. Anasema huko ni kupoteza wakati. "Jaribu tena."

Mwanao,
Naliaka

Kimilili, 12 Mei

Naliaka,

Hatujambo, goti ndilo halisikii dawa. Wakwe walikuja, wakala, wakauliza uko wapi. Babako akasema uko na kompyuta. Wakatazamana. Unajua aibu ya kuposwa mtu hayupo? Watarudi mwisho wa mwezi. Uwepo.

Mamako

Kangemi, 20 Mei

Mama,

Natumaini nyumbani kuna amani kuliko huku. Bwana Rasiklal alichoka kungoja, akayabadilisha mwenyewe majina ndani ya yale maandishi ya pamoja. Programu nyingine zote zinazonakili hapo hazikuyaona majina zinayoyajua, zikakwama. Kazi imesimama. Amewaambia wakubwa ni mimi, nao wanataka nitie sahihi kwamba kosa ni langu.

Nilimweleza Nashon alipotoka kazini River Road. Akasema, "Tia tu. Si ukiolewa utaiacha hiyo kazi?" Nikamuuliza nani kamwambia. Akasema hilo linajulikana.

Mwanao,
Naliaka

Kimilili, 27 Mei

Mwanangu,

Sisi tuko salama. Usitie sahihi. Hilo la kuacha kazi linajulikana kwa nani? Babako hakulisikia, nami sikulisikia. Nimewatumia wakwe ujumbe wasije mpaka uwaite mwenyewe. Wamekasirika. Acha wakasirike.

Mamako

Kangemi, 15 Juni

Mama,

Salamu kwenu nyote. Sikutia sahihi. Milcah, mtunza tepu za kompyuta, aliwaambia wakubwa ni nani aliyeichukua siku ile tepu yenye yale maandishi. Tumerudisha maandishi ya zamani, nami nikayataja majina mazima katika programu ile moja tu ya mikopo. Imekubali. Bwana Rasiklal akasema, "Ungefanya hivyo tangu mwanzo." Nilitoka nikalizunguka jengo kwanza ndipo nikarudi mezani.

Nashon nilimuuliza tena kuhusu kazi. Jibu ni lile lile. Kwa hiyo wazazi wake sitawaita. Nakuja Ijumaa nimweleze Baba mwenyewe. Na tafadhali, shangazi asianze kunitafutia mwingine kabla sijashuka basi.

Mwanao,
Naliaka