Yule Niliyedhani ni Nabii Khidhri

Habaswein,
Jumapili, baada ya Alasiri

Kwa mamangu Bi Mwanatumu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute umeketi barazani na si kitandani, na Hamisi ndiye anayekusomea. Mguu unaendeleaje? Kidonda bado kinatoa maji? Usingizi unaupata? Mimi ni mzima wa mwili. Zaidi ya hapo sina la kusema juu ya hali yangu. Nakula, nalala, naamka, nakwenda kwenye matofali.

Hamisi mdogo wangu, soma polepole na usiruke kitu, hata pale ninapojisema vibaya.

Mama, barua yako niliipata. Umesema daktari anataka kukikata kidole cha mguu kwa sababu ya ile sukari, na kwamba mkichelewa ubaya utapanda juu. Umesema hutaki kisu, unangoja mafuta yaliyosomewa na Nabii Khidhri, kwa kuwa mwanao amemwona kwa macho yake huku. Hayo niliyaandika mimi. Niliyaandika kwa sababu sikuwa na habari nyingine ya kukupa. Hapa ni vumbi, saruji na jua. Sasa nakueleza yote yalivyokuwa.

Huku mtu akikupa mkono hubonyeza kidole chako gumba. Nilipokuja nilidhani ni adabu yao tu. Dubow, Msomali wa hapa ninayefyatua naye matofali ya bweni la shule, ndiye aliyenieleza. Nabii Khidhri, ambaye wao humwita Khadar, alikunywa maji ya uhai na hatakufa mpaka siku ya mwisho. Anazunguka duniani kwa sura ya maskini. Alama yake ni moja: gumba la mkono wa kulia halina mfupa. Ukimpata, usimwachie mpaka akuombee dua.

"Kwa hiyo kila mtu unamkagua?" nilimuuliza.

"Kila mtu. Hata wewe nilikukagua siku ya kwanza."

"Ukaona nini?"

"Mifupa mingi, walaal, ndugu yangu. Na saruji."

Yule mzee aliteremka kwenye lori la mbuzi lililotoka upande wa Wajir, akaja kuomba maji penye kivuli cha ukuta wetu. Nikampa kikombe changu. Alipokirudisha alinipa mkono, na mimi kwa mazoea nikabonyeza. Gumba lilizama kama unga uliokandwa. Nikamwambia Dubow, "Hebu msalimie huyu mzee." Laiti ningekaa kimya tu. Dubow alishika, akapiga takbiri, na kabla ya Adhuhuri uwanja ulikuwa umejaa watu.

Mzee aliwaambia wazi. Alisema jina lake ni Gedi, kwao ni Rhamu, alikuwa akilima vitunguu kando ya mto Daua, mafuriko yakalichukua shamba, sasa anakwenda Garissa kwa binti yake. Gumba liliumwa na ngamia dume alipokuwa kijana, mfupa ukatoka vipande vipande.

Mama mmoja anayeuza maziwa akacheka. "Mnamsikia? Khadar atajitaja kweli?"

"Na nikikubali kuwa ndiye mimi?" mzee akauliza.

"Ukikubali, basi umekubali mwenyewe."

Watu wakacheka, na yeye akacheka nao. Sikumwona tena akicheka.

Walimpa chumba nyuma ya duka moja, mkeka mpya, na maziwa ya ngamia asubuhi na jioni. Kila alipotaka kupanda lori kwenda Garissa madereva walikataa. Nani atathubutu kuuondolea mji baraka? Maalim wa msikiti, mtu mpole, aliwaambia baada ya sala kwamba wanavyuoni wamekhitilafiana. Wapo wasemao Khidhri yu hai, na wapo wasemao alikufa kama wafavyo watu, kwa sababu Mwenyezi Mungu amesema katika Kurani kwamba hakumpa binadamu yeyote kabla ya Mtume wetu kuishi milele. "Nabii Isa alinyanyuliwa, hilo lina habari yake," alisema. "Lakini habari ya gumba mimi sijaisoma katika kitabu chochote." Watu walimsikiliza kwa heshima, wakatoka, wakaenda kulishika gumba.

Wiki ya nne mzee akashikwa na homa. Tangu mafuriko mbu ni wengi na homa imeshaua watu huku. Alitetemeka, akatapika maziwa. Zahanati iko hatua chache kutoka pale dukani, mama, karibu kuliko nyumba yetu na kisima. Hakuna aliyempeleka. Walisema Khadar hapatwi na homa, anatupima imani tu. Wakazidi kumletea wagonjwa wao awasomee.

Barua yako ilifika siku hizo. Nilinunua chupa ya mafuta ya simsim nikaenda nayo. Mzee alikuwa amelala ubavu, midomo imekauka. Nikamwambia, "Adeer, mamangu ana kidonda." Adeer ni kama ami, ndivyo wanavyowaita wazee. Akainuka kwa kiwiko, akasoma, akapuliza ndani ya chupa. Kisha akaniuliza, "Mama yako amepelekwa hospitali?"

"Anangoja dua yako."

Akanitazama sana. "Na mimi nangoja hospitali," akasema. "Nipeleke."

Toroli la matofali lilikuwa uwanjani. Ningeweza kumpakia. Lakini watu walijaa mlangoni, na mimi ni mgeni hapa. Tena nikufiche nini, mama? Chupa yako ilikuwa mkononi mwangu. Kama mzee ni mgonjwa wa kweli, basi haya ni mafuta ya simsim tu. Nilitaka asiwe mgonjwa. Nikamwambia, "Kesho, adeer, nikitoka kazini."

Kesho yake alikufa, mimi niko kwenye matofali.

Wakaanza kubishana kama yafaa kumwosha mtu asiyekufa. Maalim akaniita, kwa kuwa niliwahi kumweleza kwamba marehemu baba alikuwa mwosha maiti na mimi nikimsaidia. Nikamwosha, Dubow akimimina maji. Gumba lilikuwa na makovu mawili, moja mbele na moja nyuma, pale meno ya ngamia yalipokutana. Dubow aliyaona. Akaendelea kumimina. Tulipomaliza kufukia akanigeukia.

"Khadar ameondoka zake," alisema. "Ametuachia mwili wa huyu tu."

"Dubow, alama za meno umeziona."

"Nimeziona." Akapangusa mikono kwenye kikoi. "Lakini nikikubali, walaal, basi sisi tumeua mtu."

Tukarudi kazini, tukafyatua mpaka Magharibi.

Tangu siku ile nimengoja nilie, sijalia. Mkono unabeba, mguu unakwenda, ndani kumenyamaza. Maalim amempelekea binti wa mzee habari huko Garissa. Sijui kama ameambiwa baba yake alikufa kwa sababu gani.

Chupa ninayo, iko chini ya kitanda. Nimewaza kukutumia, maana ungefurahi. Sikutumii. Aliyeyasomea hayo mafuta aliomba zahanati akafa akiingoja. Kuhusu Nabii Khidhri mwenyewe, kama yu hai au amekufa, mimi niliacha shule darasa la tano na wenye elimu hawajapatana. Lakini kama yu hai, mama, hatakufa kwa sababu wewe umekwenda hospitali.

Umesema pia unaogopa kufufuliwa huna kidole. Nilimuuliza Maalim. Alisema aliyekuumba mara ya kwanza hashindwi na kidole. Wakikikata, Hamisi akichukue, akifunge kwa kitambaa cheupe, akizike kando ya baba.

Nisalimie shangazi Mwanakombo na umwambie kikohozi chake nakikumbuka. Nisalimie mjomba Bakari, na jirani yetu mshona mikeka, na mke wangu, ambaye barua yake inafuata, naomba anisamehe nimekutanguliza wewe. Nisalimie wote wanaoniuliza.

Hamisi, ukifika hapa usiikunje barua mkaanza kujadiliana. Mama atasema kesho. Mimi nilisema kesho. Mletee mama baibui lake, kamwite mwenye gari, nendeni.

Mimi mwanao,
Omari