Nibipu, Baba Kulwa

Baba Kulwa, mume wangu,

Salamu ninazo, na watoto wana zao, lakini leo sianzi nazo. Naanza na woga, maana ndio ulioniamsha na ndio ulionikalisha hapa kibarazani na kalamu wakati wenzangu wako sokoni. Barua hii nitampa kondakta wa basi la Geita. Atakayeipokea huko machimboni kabla yako, aisome kwa sauti. Haina siri.

Unakumbuka siku tuliyokwenda kununua simu hapa Kambarage? Muuzaji alikupa simu ya tachi uijaribu. Ukapangusa, kimya. Ukafuta kidole kwenye suruali, ukapangusa tena, kimya. Nyundo na mawe vilikuwa vimeshakigeuza kidole chako kuwa gome. Muuzaji akacheka: "Kaka, simu haikutambui hii." Nawe ukamrudishia: "Isiyonitambua kidole itanitambuaje sauti? Nipe kitochi cha vitufe." Tukanunua vitochi viwili, tukarudi nyumbani tunacheka njia nzima.

Tangu hapo ukitoka shimoni, duarani kwenu, jioni, na tope lako mikononi, ulikuwa unabonyeza bila hata kutazama. Bipu moja. Mimi sipokei, nikipokea nakula salio lako bure. Nasikia tu ule mlio, nawaambia watoto, "Baba ametoka chini," ndipo ugali unapita kooni. Doto alikuwa hanawi mikono mpaka simu ilie.

Halafu Jumapili ukanipigia umechangamka. Duara limetoa kidogo, umenunua tachi mbili, yangu unaituma kwa basi. "Mama Kulwa, kubipu ni ushamba siku hizi. Nikitoka chini nitakuwa nakutumia picha, unione nilivyo." Nikacheka, nikakushukuru, wabeja baba. Sikukuambia kwamba niliogopa palepale.

Niliogopa kwa sababu ya Mama Shija, jirani yangu tunayeanika naye viazi vya michembe. Unajua kwamba mumewe alifukiwa na udongo, ila hujui yeye alijuaje. Alikuwa kwenye kundi la wachimbaji simuni, anapitisha kidole kwenye matangazo na maombi, akagusa picha. Watu wamelazwa juu ya turubai, nyuso zimefunikwa. Mmoja ana shati lenye kiraka cha kitenge begani, na kiraka hicho alikishona yeye mwenyewe. Hakuna aliyekuwa karibu naye. Aliniambia, "Mama Kulwa, mume wangu nimemuua kwa kidole hiki." Nikamwambia anyamaze, asikufuru. Lakini tangu siku hiyo naogopa vioo vya simu.

Kwetu msiba hauji peke yake, unaletwa na watu. Baba yangu alipofariki kule Masumbwe, ni wewe uliyekuja kunichukua sokoni. Ukafunga michembe yangu kwenye mfuko, ukaniambia, "Mzee amezidiwa kidogo, twende tukamwone." Wewe kudanganya hujui, uso wote ulikuwa unakusuta. Kwenye basi ukanipigia porojo za ng'ombe na mvua. Tulipofika nikaona wanaume wamekaa chini uani na akina mama wamejifunga vitenge, nikaelewa, na kabla sijaanguka ulishanishika. Baadaye nilikugombeza kwa nini hukuniambia mapema. Ukajibu, "Nilitaka ukijua, uwe na mikono ya kukushika." Ulifanya vyema, na leo ndiyo naona ulifanya vyema kiasi gani.

Tachi uliyonitumia ilifika, nikaiacha kwenye boksi lake. Ila tangu ununue yako hujabipu. Nakupigia, hupatikani. Namba za wenzako sina. Wasafiri wanasema mvua huko inamwagika, na wewe mwenyewe uliwahi kuniambia kwamba matimba yenu, yale magogo yanayozuia udongo duarani, yameanza kuoza.

Jana dada yako Nyamizi akanijia juu: "Wifi, kaka anakutumia mapicha huko, wewe umekalia kiswaswadu!" Akahamisha laini, akaniunganisha na mtandao, akanionyesha pa kugusa, akaenda zake.

Leo asubuhi ikalia. Picha. Imefunikwa na ukungu, katikati ina alama ya mshale. Ukigusa hapo ndipo inafunguka. Chini yake hakuna neno. Namba haina jina, maana majina yote yamebaki kwenye kitochi. Nikailinganisha na yako, tarakimu kwa tarakimu. Si yako.

Labda ni wewe. Labda tachi yako imezimika, maana hazikai na chaji kama vitochi, ukaazima simu ya mwenzio akakupiga picha umesimama juu ya duara, meno yote nje. Kwenye ule ukungu kuna kitu cha buluu. Una shati la buluu. Na turubai nalo ni la buluu.

Nimekaa nayo tangu chai. Kidole nakipeleka, nakirudisha. Naogopa, Baba Kulwa. Nainuka, nakaa tena, na Kulwa ameniuliza mara nyingi nimepoteza nini.

Mwisho nimeizima. Nimetoa laini, nimeirudisha kwenye kitochi. Nyamizi ataniita mshamba, na aniite. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.

Kama ni wewe, tafuta simu yoyote yenye vitufe, hata ya mpika chai wa kambi, unibipu. Mara moja tu, sitapokea. Na nyinyi mnaomsomea barua hii, kama hayupo wa kusomewa, nawaomba kwa heshima zote msinitumie picha. Njooni. Ombeni maji, kaeni, semeni anaumwa kidogo. Mnidanganye vizuri, nitawaamini mpaka mnishike.

Maji ya kuwapa nimeshachota. Ndoo iko hapa mlangoni, nimeifunika kwa sinia. Mungu ajalie jioni maji hayo nimwogeshee Doto.

Mkeo, kitochi kiko mapajani,
Mama Kulwa