Mwavuli Wako Tumeufanya Popo

Nyumba Na. 2214,
Mtaa wa Arthur,
Des Moines, Iowa.
2 Novemba 1996

Mpendwa shemeji yangu Darlene,

Hujambo wewe, na mumeo Glenn hajambo? Magoti ya mama mkwe yanaendeleaje, au baridi ya Spokane imeshaanza kumchokoza? Sisi wawili huku tu wazima. Kirsten ana mafua kidogo, yale ya kila mwaka, wala hayamzuii kula. Mimi mwili hauna neno. Moyo ni habari nyingine. Tangu tulipomzika Joanne mwezi wa Machi nimekufa ganzi, na uzuri wa ganzi ni kwamba haiumi.

Barua yako ya Septemba nimekaa nayo wiki sita. Uliandika kwamba mtoto wa miaka minane hawezi kulelewa na mtu aliyekaa kama gogo, na kwamba Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, utakuja umchukue Kirsten, akae kwenu mpaka amalize shule ya msingi. Sikukasirika, shemeji. Niliisoma, nikaikunja, nikaenda kazini kutengeneza mabasi ya shule kama siku zote. Jumatatu iliyopita ndipo nilipoamua nikuandikie uje, kwa sababu sikuona ulipokosea.

Lakini kwanza nikuombe radhi. Ule mwavuli wako mweusi uliousahau hapa siku ya mazishi, haupo tena. Nimeukatakata kwa mkasi na koleo. Usinune, nitakueleza.

Unamjua dada yako Joanne kwa mavazi ya Halowini, usiku ule watoto hujigeuza viumbe na kuomba peremende mlango kwa mlango. Agosti haijaisha, meza ya kulia imeshajaa vitambaa, tunakula tumesimama. Alimshonea Kirsten boga la kujazwa magazeti, akamshonea nyuki, na mwaka jana hindi la manjano lenye punje za sponji zilizokuwa zikidondoka njia nzima. Yote aliyashona makubwa kama magunia. Nilikuwa nikimtania, nikimwambia huyo mtoto wa kuvaa hilo bado hujamzaa. Alikuwa anacheka tu, pini mdomoni. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Hata marehemu mama yangu alinishonea makubwa vilevile, nami nikadhani ni ubahili, ili vazi lidumu miaka mitatu.

Mwaka huu Kirsten hakuomba kitu mpaka zimebaki wiki mbili. Asubuhi moja, anakula, akasema tu, "Nataka kuwa popo. Popo wa kweli, siyo wa kuchekesha." Nikamwambia sawa.

Nikaenda dukani. Ukuta mzima wa mavazi: wachawi, maharamia, mabinti wa mfalme, mifupa inayong'aa gizani, wazimamoto, mpaka mavazi ya mbwa. Akina mama walikuwa wakichukua ya watoto wakubwa kuliko wa kwao, nikasema moyoni hawa wamesahau umri wa watoto wao. Mimi nikachukua popo wa miaka minane, saizi yake sawasawa. Nilifanya kama ninavyobadilisha breki za basi. Kazi imekwisha, nawa mikono.

Jumatano ikafika. Unaujua mji huu, watoto wetu hawangoji tarehe thelathini na moja, wanatoka siku moja kabla, na hakuna anayepewa kitu mlangoni bila kusema kichekesho. Tangu mchana upepo wa kaskazini ulikuwa unavuma na vitheluji vyembamba vinapita ubavuni. Saa kumi na moja na nusu namkuta Kirsten amesimama ukumbini, koti la baridi mwilini, popo amekwama kwenye viwiko.

"Haipiti," akasema.

"Vaa koti juu yake."

"Nikivaa koti juu nitakuwa mtoto mwenye koti."

"Basi liache koti."

"Baba! Watu wanakufa kwa baridi."

Kisha akakaa kwenye ngazi akasema, "Mama alikuwa anakata kubwa. Koti linakaa ndani."

Miaka thelathini na tisa nimeishi Iowa, nimevaa magunia ya mama yangu utoto wangu wote, na siku ile ndiyo kwanza naelewa. Wewe cheka tu.

Ila kilichonishtua hakikuwa ujinga wangu. Kirsten hakulia. Angelia ningejua la kufanya, au angalau ningejua kwamba kuna la kufanya. Alikaa pale ngazini akiangalia ukuta, na uso ule naujua, ndio ninaouona kwenye kioo nikinyoa ndevu. Nikaogopa. Niliona kwamba ganzi yangu nimemwambukiza mtoto.

Mwavuli wako ulikuwa unaning'inia nyuma ya mlango. Nikauchukua bila kufikiri. Nikauvua mpini kwa koleo, nikaukata katikati, kila nusu na njiti zake, nikazibana kwa pini kwenye mikono ya koti. Ncha za njiti nikazifunga utepe asije akamtoboa mtu jicho. Masikio ni boksi la nafaka za asubuhi nililolipaka kiwi ya viatu. Dakika ishirini kwa jumla.

Koti lake ni la buluu, kwa hiyo tulipata popo wa buluu mwenye mabawa meusi. Akainua mikono juu, mabawa yakafunguka.

"Yanafunguka," akasema.

"Ndiyo."

"Na mvua hayapitishi."

Hakutabasamu, lakini alikwenda mlangoni mbele yangu.

Kichekesho chake alikitunga mwenyewe. Popo alimwambia nini mwanawe aliyesimama kwa miguu? "Acha mchezo huo, damu itakushukia miguuni!" Nilikisikia mara kumi na nne, nyumba baada ya nyumba, nikiwa nimesimama nyuma yake kwenye majani na mfuko wa akiba. Watu walicheka, wengine kwa huruma, nadhani, maana mtaa mzima unajua yaliyotupata. Mimi sikucheka. Niliona ni kizuri, lakini kuona na kucheka kumbe ni vitu viwili.

Nyumba ya mwisho ni ya Bi. Opal Hendricks, yule mwalimu mstaafu wa kona. Unamkumbuka, ndiye aliyeleta bakuli la saladi ya viazi msibani akalifuata kesho yake. Kwake hakuna huruma. Mtoto akirudia kichekesho cha mwenzake anarudishwa mpaka barabarani akafikirie upya. Kirsten akasema chake, Bi. Opal akatikisa kichwa akampa chokoleti nzima, siyo vile vipande vidogo. Halafu akanitazama mimi.

"Na huyu?"

"Ni baba yangu."

"Namjua baba yako, nilimfundisha hesabu na hakushika kitu. Nauliza amevaa nini. Kwangu hafiki mtu bure."

Nilikuwa na jaketi langu la kazini, lenye mafuta. Nikafungua mdomo nijitetee. Kirsten akageuka, akanikagua kutoka kofia mpaka viatu, taratibu, kama fundi cherehani, akamwambia, "Huyu amevaa baba."

Bi. Opal alicheka mpaka akashika mlango. Akanipa chokoleti yangu, akasema hicho ndicho kichekesho cha mwaka.

Mimi, shemeji, masikio yalipata moto. Niliona aibu, aibu ya kwanza kwa miezi minane. Maana ni kweli tupu. Nafunga chakula cha shule, natia sahihi karatasi za mwalimu, nauliza meno umepiga mswaki, na ndani ya vazi hamna mtu. Nilidhani najificha vizuri. Kumbe mtoto anajua, na anajua zamani.

Tukarudi nyumbani. Njia nzima nilikuwa naipanga barua ya kukujibu kichwani. Njoo Darlene, mchukue, ulisema kweli, mtoto mwenyewe ameshaniona. Nilifika hata kwenye nguo zake, zipi nizifunge sandukuni na zipi zibaki.

Tulipofika getini kwetu akasimama.

"Baba."

"Naam."

"Mwakani vaa hilohilo."

"Lipi?"

"La baba."

Nikamuuliza kwa nini. Akaanza kumenya peremende, bila kuniangalia, akasema, "Limekukaa."

Nililia, shemeji. Pale pale getini, mbele ya watoto wa watu, wakipita wachawi na wazimamoto na mmoja aliyevaa shuka. Sikuwa nimelia hospitali wala makaburini. Kirsten aliinua bawa moja akanifunika nalo, akaniambia nisilie sana pua zitaganda. Kisha akalia na yeye.

Sitaki nikudanganye kwamba sasa nimepona. Jana niliamka na ganzi ileile, nikavaa, nikapika uji ukaungua. Lakini niliuona kwamba umeungua, na tukacheka.

Kwa hiyo usije kumchukua. Umenipendea mwanangu na sitalisahau hilo mpaka naingia kaburini, ila mwakani ameshanipangia cha kuvaa na siwezi kukosa. Njoo Sikukuu ya Shukrani kama mgeni, uje na Glenn na mama. Bata mzinga nitajitahidi, mkate wa boga uje nao wewe. Na kaa siku mbili zaidi unifundishe kutumia cherehani ya Joanne, kwa sababu Kirsten ameshasema safari ijayo anataka kuwa bundi, na koti likae ndani.

Msalimie sana Glenn. Mwambie mama mkwe mjukuu wake anamtumia peremende tano za karameli, na asizitafune kwa meno ya bandia. Wasalimie pia watoto, Wade na Corliss. Kirsten anauliza wao walivaa nini.

Mungu awalinde njiani mkija, na barafu isiwatangulie milimani.

Wako akupendaye,
Lowell,
Baba Kirsten.