Mama Alipopanda Morningside

Mafiga, Morogoro
20 Juni 1974

Kaka Kibwana,

Shikamoo. Sisi wazima, na watoto wamefunga shule. Jumapili tulimpeleka Mama Morningside, akaione ile nyumba ya Wajerumani aliyoitamani tangu sisi tukiwa wadogo.

Ungemwona, Kaka! Alipanda mlima wote kwa miguu yake, amenishika mkono, wala hakuomba kupumzika. Mimi na shemeji yako ndio tuliokuwa tukihema. Nyumba yenyewe ni nzuri kuliko tulivyosimuliwa: kuta nene za mawe, baraza, na mji wote umelala chini yako.

"Mama, kwetu Mafiga kule!" nikamwonyesha.

"Kunapendeza kweli," akasema, huku uso ameuelekeza mlimani.

Nikamgeukia. Akanibana mkono. "Naona ukungu tu, mwanangu, tangu mfungo uliopita. Nisimulie wewe."

Basi nikamsimulia yote: reli, mashamba ya mkonge, hata moshi wa majiko ya watu. Akacheka kama msichana, akaniuliza hiki na kile. Sijapata kumwona na furaha kiasi kile.

Wakati wa kushuka alinikataza kukuandikia, eti utaacha kazi huko Mwanza kwa ajili yake. Nimeshindwa kumtii. Uso wa mtu akimsogelea karibu, bado anauona. Omba likizo, Kaka, uje ukae mbele yake.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaasha