Kijani ya Picha ya Babu

Nyuma ya duka la Omary,
Kasulu.
Alhamisi, 14 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Asmahani,

Assalaam aleikum. Nisamehe kwa kimya changu tangu Idi. Mtoto mgongoni, duka mkononi, siku zinapita hivi hivi. Goti lako linaendeleaje? Huko Tabora mvua imeshika?

Huku si kuzuri, Shangazi. Kaa chini kwanza.

Unazikumbuka zile picha mbili za meli za moshi alizokuja nazo Babu kutoka Kindu, Kongo, alikokuwa akichochea moto kwenye meli za mtoni? Moja kwako, moja kwangu. Jumatatu mvua ilipenya bati ikalowesha yangu. Nikaifuta kwa kitambaa cha Badru. Kikachukua kijani yote ya miti ya ukingoni. Nikakisuuza haraka haraka, nikamrudishia. Unajua mwanangu halali bila kukinyonya.

Jumanne akaanza kutapika.

Siku hiyo alikuja Mwalimu Polycarpe, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu anayetuandikia kibao cha duka. Kwao alikuwa akikarabati picha za zamani za makumbusho. Alipoiona tu, akarudi nyuma.

"Mama Badru, hii walichapa kwa jiwe, rangi wakapaka kwa mkono. Kijani ya zamani hivi inaweza kuwa na sumu."

Nikamcheka. "Mwalimu, imekaa ukutani miaka yote hiyo, imemwua nani?"

Hakucheka. "Na mtoto, iko wapi?"

Nikakikumbuka kile kitambaa. Kwa hofu nikaitupa picha kwenye moto wa jikoni, ikaungua yote, ndipo nikakimbia hospitali. Kumbe daktari anaitaka, ipimwe ijulikane ni sumu gani. Nina majivu tu. Badru yuko wodini, dripu mkononi, analala macho nusu wazi. Damu wamechukua, majibu bado. Akivuta pumzi, na mimi ndipo navuta.

Baba yake, Omary, yuko njiani kutoka Kibondo. Simu yako haipatikani tangu jana, ndiyo maana nampa dereva wa basi barua hii.

Sasa nisikilize, hata ukinuna. Yako iko juu ya kitanda cha Swaumu, na nakumbuka mjukuu wako huyo anavyoibusu ile meli kabla ya kulala. Ishushe leo. Usiifute, usiichome kama mimi. Wala usiniambie ni kumbukumbu ya Babu. Babu angeishusha mwenyewe.

Msalimie Shamsia na wote wa hapo nyumbani. Mungu awafunike watoto wetu.

Mwanao anayekupenda,
Zuleha

Mpe dereva kesho asubuhi: hiyo picha, ndani ya nailoni mbili, uifunge kwa kamba asiifungue mtu. Khanga zako mbili za zamani, zile laini, maana zangu zote zina matapishi. Na karatasi yenye mwandiko wako, hata neno moja, kwamba Swaumu hajambo.